Ubeti Tuliouruka

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, kwenye meza ya cherehani.
Ijumaa, tarehe 6 Juni.

Mpendwa Kitindamimba,

Daktari bingwa wa koo ametuambia leo asubuhi kwamba Alhamisi ijayo, tarehe 12, atamfanyia Mama upasuaji na kuliondoa zoloto lote, yaani kile kisanduku cha sauti, na kwamba kuanzia hapo Mama hatazungumza tena kwa sauti yake wala hataimba. Alilisema mara mbili. Mara ya pili alilisema polepole.

Najua barua haianzi hivyo. Mama angeisoma hii angenirudisha mlangoni nikapige hodi upya. Basi napiga hodi. Hujambo, mdogo wangu? Wifi yangu hajambo? Kile kikohozi chake cha vumbi la saruji kimekwisha, au bado kinamwamsha? Na wewe mgongo umeacha kukusumbua baada ya ule mwezi mzima wa kupanda nguzo za umeme? Sisi huku, ukiacha hilo nililotangulia kulisema, hatujambo. Shangazi goti limekataa lakini yeye amekataa zaidi, kwa hiyo anatembea. Mimi ni mzima na niko kazini kama kawaida, zamu ya asubuhi, taarifa ya saa moja na ya saa tatu.

Nimekupigia simu wiki nzima. Inaita mpaka inachoka. Sikulaumu, maana najua huko kwenye ujenzi wa bwawa mtandao ni wa kubahatisha, na najua pia kwamba hata ukiwepo kuna simu za nyumbani ambazo mtu huziangalia zikiita. Ndiyo maana nimeona niandike. Dereva wa lori la nondo anaondoka kesho alfajiri. Ameniahidi kwamba atakupa barua hii mkononi mwako, wala hataiacha kwa mlinzi wa geti.

Nikupe mambo kwa mpangilio. Ile mionzi aliyochomwa mwaka jana ilifanya kazi kwa miezi michache, kisha uvimbe ukarudi palepale. Tulidhani ni mafua. Sauti ilianza kukwaruza, ikashuka, ikawa inakatika katikati ya neno. Mwezi uliopita walimwingiza mrija wenye taa, wakachukua kinyofu, wakapima. Majibu ndiyo hayo. Daktari anasema wakiliacha zoloto, saratani italiziba koo lenyewe na Mama atakosa pumzi. Wakiliondoa, atapumulia tundu watakalolifungua hapa chini ya shingo, na ana nafasi nzuri ya kuishi. Nilimuuliza nzuri kiasi gani. Akasema nzuri kuliko ya wagonjwa wengi anaowaona, na kwamba hataki kunipa namba niitangaze redioni. Alikuwa anatania kidogo. Nilimwelewa.

Alikuwa daktari mpole, kijana kuliko wewe. Alipokuwa anajaza karatasi alimuuliza Mama, "Mama, unafanya kazi gani?"

Mama akajibu kwa ile sauti iliyobaki, "Naimba."

"Namaanisha kazi ya kukupa riziki."

"Hiyo ni kushona. Lakini wewe umeniuliza kazi."

Daktari aliweka kalamu chini. Shangazi, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni akiwa amekumbatia mkoba kama vile kuna mtu anautaka, akamwambia, "Andika kushona, mwanangu, usije ukapungukiwa na nafasi. Huyu akianza habari ya kwaya hatutoki humu."

Tulitoka. Mama hakulia. Alinunua uzi mweupe dukani mkabala na hospitali, tukapanda gari tukarudi.

Uzi huo ni wa nini, ndilo jambo ninalotaka ulione kwa macho, kwa kuwa hukuwepo. Mama anazikata kola za magauni yake yote. Yale yenye shingo ndefu anayashusha, yale ya vifungo anayafungua mbele, kisha anayapinda na kuyapiga cherehani upya, ili lile tundu lipate hewa. Kwa vipande vinavyobaki anajishonea vitambaa vyepesi vya kulifunika mbele ya wageni. Nilidhani ataanza na magauni ya shambani. Lile la kwaya amelikata la kwanza. Liko hapa mbele yangu ninapoandika, limetundikwa kwenye msumari alioupigilia Baba, na kola yake iko kwenye kapu la vitambaa.

Sasa nije kwenye habari ya wimbo, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unaikumbuka ile namba mia na arobaini ya kitabu cha nyimbo. Sina haja ya kukuandikia wimbo mzima. Uliimba sauti ya tatu ya wimbo ule kabla hujajua kufunga viatu. Ubeti wa kwanza wana wa Israeli wanavuka bahari. Wa pili wamefika Mara, penye maji machungu, nao wanalia kiu. Wa tatu Bwana anamwonyesha Musa mti, anautupa majini, maji yanakuwa matamu. Wa nne wanafika Elimu, kwenye chemchemi na mitende. Na mwisho wa kila ubeti sauti tatu zinanyamaza, besi inapita peke yake na maneno mawili tu, "Sikia, Bwana," ndipo wote tunaingia tena.

Besi ilikuwa ya Baba. Tangu afariki, hapa nyumbani hakuna aliyeigusa. Hatukukubaliana, ilitokea tu. Tukifika mwisho wa ubeti tunanyamaza kwa muda uleule ambao Baba angeutumia, halafu tunaendelea. Unakumbuka wageni walivyokuwa wakidumbukia pale, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akidhani bado kuna kidaraja kimoja. Yule mjomba fundi viatu alidumbukia kila mwaka, na kila mwaka aliomba radhi.

Jumapili iliyopita Shangazi alikuja baada ya ibada. Mwalimu wa kwaya alikuja naye, yule kijana mrefu aliyechukua nafasi ya Mama. Mama hakuwa amekwenda kanisani. Tangu sauti ilipoharibika anasema hawezi kukaa kwenye benchi kama mkoba wa mtu. Tulikunywa chai, tukaongea mambo ya kawaida, halafu bila kumwambia mtu Mama akagonga meza ya cherehani kwa subana yake ya kushonea, kama anavyofanya akitaka kutupa mwendo. Tukajua ni mia na arobaini. Shangazi akashika sauti ya pili. Mimi, kwa amri ya Mama ya tangu mwezi uliopita, nimehamishwa kutoka ya pili kwenda ya kwanza, eti mtu lazima aubebe wimbo. Shangazi anasema naimba kama ninasoma bei ya mafuta ya taa. Ni kweli. Mwalimu alijaribu sauti yako. Mama alimnyamazisha kwa kidole. Hata sikumwelewa wakati ule.

Tukafika mwisho wa ubeti wa kwanza. Tukanyamaza, kama kawaida yetu. Na katika ule ukimya, mdogo wangu, ikapita besi.

Ilikuwa sauti ya Mama. Ile sauti iliyoharibika, nzito, yenye kokoto, iliyoshuka hadi chini kabisa mahali ambapo hakuwahi kufika maishani mwake alipokuwa mzima. "Sikia, Bwana." Noti zilikuwa zake Baba, pumzi ilikuwa yake Baba, hata kule kuchelewa kidogo kabla ya neno la pili, ambako wewe na mimi tulikuwa tunakucheka utotoni. Mama alisimama nyuma ya sauti ile maisha yake yote ya ndoa. Alikuwa anaijua kuliko alivyoijua ya kwake.

Hakuna aliyeingia. Wimbo ulikatikia pale. Shangazi alikuwa ameweka kikombe kwenye sahani vibaya, kikaanguka, chai ikamwagika kwenye kitambaa, na hakuifuta. Baadaye sana akasema, "Wewe mwanamke! Kumbe kaka yangu umemficha humo kooni siku zote hizi?"

Mama akasema, "Aliniomba nafasi kwa muda. Alhamisi ya wiki ijayo anahama."

Tulicheka. Nakuandikia kama ilivyokuwa: tulicheka, wote wanne, mwalimu wa kwaya akiwa ameuficha uso wake kwenye kofia. Tarehe yenyewe wakati huo ilikuwa bado ya makadirio. Leo imekuwa ya kweli.

Kazi yangu ni kusoma habari za watu wengine bila sauti kutetemeka. Nimesoma ajali, mafuriko na watu waliofukiwa mgodini. Asubuhi hii daktari alinipa ile karatasi ya ridhaa nimsomee Mama, nikashindwa kulitoa neno moja, "kudumu." Mama akanichukulia karatasi mkononi, akaisoma mwenyewe kimoyomoyo, akatia sahihi. Sitarudi tena kwenye hilo.

Jana mchana nilimkuta anashona huku Biblia imefunguliwa pembeni ya cherehani, imezuiliwa na mkasi isijifunge. Nikamuuliza anasoma nini. Akaniambia anamtafuta Miriamu, dada yake Musa. Amewafundisha watu wimbo ule kwa miaka thelathini, alisema, lakini hakuwahi kumfuata yule mama alikoishia.

Unajua nisivyoamini jambo kabla sijalihakiki, kwa hiyo nilivuta kiti tukaangalia pamoja. Kitabu cha Kutoka, sura ya kumi na tano. Miriamu anachukua tari, wanawake wote wanatoka nyuma yake wanaimba kwa sababu bahari imevukwa. Siku tatu baadaye, sura ileile, hata ukurasa hujaugeuza, watu hawana maji, na wanayoyapata ni machungu. Mama akaweka kidole pale. Alisema kanisani tunadhani wimbo na uchungu viko mbali, kimoja ni cha wenye imani na kingine cha waliopungukiwa, kumbe ni watu walewale, midomo ileile, juma moja.

Akaniuliza ule mti ulitoka wapi. Nikasema Bwana alimwonyesha Musa. "Alimwonyesha," akasema. "Hakuuotesha. Ulikuwa umesimama palepale wakati wanalalamika."

Kisha tukaenda kitabu cha Hesabu, sura ya ishirini. Huko Miriamu anakufa. Mstari mmoja tu, anakufa na kuzikwa, na mstari unaofuata unasema watu hawakuwa na maji. Mwanzishaji wa nyimbo ameondoka, na kiu imerudi siku hiyohiyo kwenye ukurasa. Nilidhani ndipo Mama alipokuwa akipatafuta, nikataka kufunga kitabu. Akaniambia nigeuze sura moja. Sura ya ishirini na moja wanafika kwenye kisima, na wanaimba. Wanakiimbia kisima kibubujike. Nilitafuta jina la aliyeanzisha wimbo. Hakuna. Imeandikwa tu kwamba Israeli waliimba.

Mama akasema, "Unaona? Aliyewafundisha hayupo, na wimbo umetoka." Kisha akakanyaga cherehani, akaendelea na kola.

Sikuandikii haya nikuhubirie. Hujaniomba mahubiri, nami siyawezi. Nakueleza alichokisoma mwanamke atakayetolewa sauti Alhamisi, na jinsi alivyokisoma. Kama kuna cha kukutia moyo humo utakiona mwenyewe. Mimi binafsi nimeona kidogo, nami ninakishikilia hicho kidogo.

Sasa nafika mahali pagumu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nifike.

Desturi ya kanisa letu unaijua. Ibada ikiwa ndefu, au mvua ikitishia, kiongozi wa kwaya anainua vidole kabla ya wimbo: kimoja, vitatu, vinne. Ubeti wa pili unashushwa kama mzigo wa ziada kwenye gari. Tumekua hivyo. Kuna watu wameimba kanisani mle tangu ubatizo hadi leo na hawajui kwamba ile mia na arobaini ina kiu ndani yake. Nyumbani tu ndipo tulipouimba, kwa sababu Baba alikataa kuruka. Alikuwa anasema gari haliendi kwa kuruka gia.

Siku tulipomzika binti yenu, wingu lilikuwa limesimama juu ya makaburi na mzee wa kanisa alikuwa anaangalia juu kila dakika. Ukaomba wimbo mmoja tu. Mama akainua mkono. Kidole kimoja. Vitatu. Vinne. Kwaya ikaimba bahari ikagawanyika, ikaimba maji yakawa matamu, ikaimba mitende ya Elimu, na wewe umesimama mbele ya kaburi la mtoto wa miaka minne. Nilikuona ukifunga kitabu. Ulikiweka kwenye kiti, taratibu, ukamshika wifi mkono, mkapita katikati ya watu mkaondoka kabla udongo haujaisha kurudishwa. Watu walisema umekufuru. Mimi nilidhani umezidiwa na uchungu tu. Mwezi uliofuata mlihama, na tangu hapo hujaimba wala kukanyaga kanisani, na simu za Mama unazijibu kwa "nzuri" na "asante."

Jana aliniambia kwamba alijua. Alijua saa ileile, kwa sababu uligeuka ukamtazama vidole kabla ya kumtazama usoni. Akasema, "Vilipanda vyenyewe. Miaka thelathini ya mazoea ilinishika mkono. Mwanangu aliniomba maji, nikampa habari za mitende. Mwambie nilimnyima ubeti wake."

Akaongeza neno ambalo nimekuwa nikiligeuzageuza tangu jana. Alisema ukiuruka ubeti wa pili, ule mti wa ubeti wa tatu unatupwa kwenye maji ambayo hakuna aliyeyaonja, na wokovu unakuwa hadithi ya watu wasiokuwa na kiu.

Hakunituma nikuombee msamaha kwa niaba yake. Alisema hilo atalifanya mwenyewe kwa mdomo wake, wakati bado ana sauti. Mimi nimetumwa kukueleza tu.

Nikuandikie ubeti wenyewe, ingawa unaujua, kwa sababu nilipounakili niliusoma kama mtu mgeni:

Midomo iliyoimba jana
Leo imekauka kiu;
Twakuita pasipo wimbo,
Sikia hata kimya chetu.

Tazama vizuri, Kitindamimba. Hayo ni malalamiko. Hakuna shukrani hata moja ndani yake, hakuna ahadi, hakuna "lakini." Na bado mtu aliyatunga, wazee wakayakubali, yakapigwa chapa, yakapewa noti za solfa za sauti nne, ili watu wasimame na kuyaimba mbele za Mungu bila kuona haya. Ningepewa nafasi ya kumweleza mtu kwa nini nyimbo hizi za zamani bado zina kazi, ningemwonyesha mistari hiyo minne. Waliotutangulia waliiwekea kiu yetu nafasi kwenye kitabu. Sisi ndio tuliokuwa tunaiondoa kwa vidole.

Na kwa miaka yote ile hapa nyumbani, baada ya maneno "hata kimya chetu," palikuwa panafuata kimya kweli, cha Baba. Tulikuwa tunaimba jambo hilo bila kulisikia.

Basi ombi ni hili. Mama anataka kuimba ubeti huo, mmoja tu, jioni ya kabla ya upasuaji. Mimi sauti ya kwanza, kwa ubaya wangu. Shangazi ya pili. Yeye mwenyewe besi. Ukihesabu utaona ni nani anayekosekana. Mwalimu wa kwaya alisema anaweza kuijaza sauti ya tatu, kijana wa watu, kwa nia njema. Mama alimjibu kwamba asante, kiti kina mwenyewe. Ukija, itakuwa mara ya kwanza tangu Baba afariki kwa wimbo ule kusikika kwa sauti zote nne ndani ya familia hii. Na itakuwa ya mwisho kwa sauti ya Mama. Yote mawili kwa mara moja. Sijui namna ya kuyatenganisha.

Utauliza kwa nini nisimrekodi, mimi ambaye kinasa sauti kiko mkobani siku zote. Nilimwomba. Nilikitoa, nikakiweka mezani. Alikirudisha mkobani kwa mkono wake. "Wimbo si taarifa ya habari," alisema. "Akitaka kunisikia, aje." Unajua ubishi wake. Nimetii, nami sitamrekodi kwa siri.

Usifikiri amekaa analia. Kila siku baada ya chakula cha mchana anajizuia kusema kwa saa nzima, anajizoeza. Anatufundisha kwa mkono: akiuinua noti inapanda, akiushusha inashuka, na subana inagonga mwendo. Mwalimu wa kwaya anakuja kujifunza naye. Jumanne Mama alimkemea kwa ishara tu mpaka akaomba radhi. Shangazi anasema sasa tumepatikana, maana zamani angalau ulikuwa unamsikia anakuja. Asubuhi huwapigia simu marafiki zake wa zamani, mmoja mmoja, anaongea nao habari za kawaida, bei ya kitambaa, wajukuu, na hawaambii kwa nini amepiga. Anapomaliza hukaa na simu mkononi kidogo.

Ya kwako hajaipiga tangu Jumapili. Nilimuuliza. Alisema hapendi kuitumia sauti iliyobaki kuusikiliza mlio.

Habari nyingine za nyumbani ni chache. Bati la jikoni limerekebishwa na halivuji tena. Kitabu chako cha nyimbo ulichokiacha kwenye kiti siku ile kipo; nilikiokota mimi, kimepata madoa ya mvua kwenye jalada tu. Kitakuwa kitandani kwa Mama.

Msalimie sana wifi yangu. Mwambie Mama amemtengea kitambaa kimoja katika vile anavyovishona, cha maua ya buluu, kwa sababu alisema buluu ndiyo rangi yake. Nisalimie na yule fundi umeme mwenzako anayekushikia ngazi. Huku Shangazi anakusalimu. Amesema nisiandike aliyoyasema kuhusu simu yako, kwa hiyo siandiki. Mjomba fundi viatu anakusalimu pia, na anaomba aambiwe mapema kama besi imerudi, asije akadumbukia tena.

Mungu aliyemwonyesha Musa mti na akufungue macho uone kilichosimama karibu nawe, akulinde juu ya nguzo na barabarani, wewe na wifi.

Ni mimi dada yako ambaye moyo wangu haujawahi kukuhama,
Sauti ya Pili, iliyosukumwa mbele.

Baada ya kutia sahihi: muuguzi mkuu amenipigia sasa hivi kuthibitisha. Mama analazwa Jumanne. Jumatano, tarehe 11, saa kumi jioni, muuguzi ameturuhusu kuimba ubeti mmoja, mlango ukiwa umefungwa, wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho upande wa dirisha. Alhamisi saa mbili asubuhi anaingia chumba cha upasuaji. Basi la kutoka huko bwawani linaondoka Jumanne asubuhi na kufika hapa jioni, nimemuuliza dereva. Ukifika ukashindwa kuimba, simama tu karibu yetu, ubeti wenyewe unaruhusu. Na usipofika, tutaimba vivyo hivyo, na sauti ya tatu tutaiacha wazi. Kuacha nafasi tunajua.